BARAZANI: Gari Bovu Lililokaa Bandani



Siku ya Idi iliyopita tulifika msikitini kwa gari ambalo wengi wenu mlilitazama mara mbili. Wazee walilizunguka na kulitaja jina lake kabla hatujateremka, na vijana walitaka kujua tumelikodi wapi. Tangu siku hiyo tumeulizwa na vijana wasiopungua watatu swali lile lile: "Mwalimu, nami nimeona gari la zamani, haliwaki, lauzwa kwa bei ndogo. Ninunue?" Tuliahidi kujibu katika ukurasa huu. Jibu letu si ndiyo, wala si hapana. Jibu letu ni: kaulize nyumbani kwanza. Tutaeleza sababu, na katika kueleza itatubidi tukiri makosa yetu wenyewe. Mama watoto ameyasoma maandishi haya kabla ya kupelekwa mashine ya fotokopi, na ameongeza makosa mawili ambayo tulikuwa tumeyasahau.

Gari lenyewe ni Peugeot 404, ambalo kwetu pwani tulizoea kuliita Pijo. Wafaransa walilitoa mwaka 1960, na umbo lake lilichorwa na Pininfarina wa Italia. Injini yake ina silinda nne zenye ujazo wa sentimita 1,618, nayo imelazwa upande kwa nyuzi 45 ili bonneti ipate kuwa chini. Gia zake ziko kwenye usukani. Wale waliokulia Afrika Mashariki katika miaka ile hawahitaji maelezo zaidi. Katika mashindano ya Safari gari hili lilishinda mwaka 1963 mikononi mwa Nick Nowicki na Paddy Cliff, mwaka ambao magari 84 yaliondoka na 7 tu yakamaliza. Bert Shankland na Chris Rothwell wa Tanzania wakashinda nalo mwaka 1966 na wakarudia mwaka 1967. Mwaka 1968 Nowicki na Cliff wakalitwaa tena taji, na safari hiyo kati ya magari 93 yaliyoanza yalimaliza 7 vile vile. Ushindi wa mara nne katika miaka sita, katika vumbi na tope la masika, si jambo dogo.

Sisi tuliujua ubora wake kwa njia nyingine. Ami yetu alikuwa na 404 ya bodi ndefu, akichukua abiria baina ya Mombasa na Malindi. Ilikuwa lazima kupita daraja la kuelea la Nyali, kisha kungoja kivuko cha Kilifi, kwa kuwa daraja la Kilifi halikuwa tayari mpaka mwaka 1991. Katika foleni ya kivuko ami alifungua bonneti injini ipate kupoa, akatuonyesha kwa kidole: hii kabureta, hii rejeta, huu mkanda wa feni, hapa usiguse. Elimu yetu yote ya injini ilianzia katika foleni ile. Chuo kikuu tulisomea mambo mengine.

Hapa Australia watu wengi hudhani Peugeot ni gari la kigeni lisilo na historia katika nchi hii. Si hivyo. Mwaka 1953, mwaka ule ule yalipoanza mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki, kulifanyika mashindano ya Redex ya kuizunguka Australia. Magari yaliondoka Sydney yakarudi Sydney baada ya kilomita zaidi ya 10,000, na mshindi alikuwa Ken Tubman, mfamasia wa mji wa Maitland, pamoja na John Marshall, katika Peugeot 203. Baadaye 403 na 404 zilikuwa zikiungwa huko Heidelberg, Melbourne. Twayataja haya kwa sababu yana faida: gari lililopata kuungwa na kupendwa katika nchi hupatikana vipuri vyake katika nchi hiyo, na watu walio tayari kukuelekeza. Anayenunua gari la kale asilolijua mtu hapa atakesha akingojea vifurushi vya posta kutoka ng'ambo.

Sasa tueleze lilivyotufikia. Mwenzetu mmoja, Mwenyezi Mungu amrehemu, alilinunua gari hili likiwa halitembei, akaliweka nyuma ya nyumba yake kwa nia ya kulifufua. Alikuwa mtu wa kazi za usiku na watoto wengi. Gari likakaa chini ya turubai miaka tisa, na yeye akafariki kabla ya kulishika. Mjane wake alipomaliza eda alituita. Alitwambia: "Mwalimu, naomba mliondoe. Kila nikitoka kuanika nguo naliona. Alikuwa akiniambia, mwakani litakwenda." Tulimlipa bei aliyoitaja, tukakodi gari la kuvuta, tukalileta kwetu Auburn. Tulijiambia kwamba tunaimaliza kazi ya marehemu. Kumbe tulikuwa tunaianza upya pale pale alipoiachia.

Kosa letu la kwanza lilikuwa kufungua kila kitu. Katika wiki mbili tulikuwa tumevua viti, milango, rejeta, kabureta na nyaya, na skrubu zote tumezitia katika chupa za jamu bila kibandiko hata kimoja. Kufungua ni kazi ya mchana mmoja. Kufunga hutaka mtu akumbuke, na mwanadamu husahau.

Kosa la pili lilikuwa mahali. Banda la gari lilikuwa ndipo nguo zinapoanikwa siku za mvua, na ndipo wageni wa kiume wanapokaa nyumba ikijaa. Tulilitwaa lote bila kumwuliza mtu.

Kosa la tatu lilikuwa wakati. Tulikuwa tukisema "dakika kumi tu" baada ya Alasiri, tukarudi ndani Isha imekwisha adhiniwa na chakula kimepoa.

Kosa la nne, nalo ndilo kubwa, lilikuwa fedha. Risiti tulizikunja na kuzitia ndani ya mkebe wa biskuti, na mkebe tukauweka juu ya rafu ambako hakuna anayefika isipokuwa sisi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tulikuwa na habari, ila tuliificha.

Mambo yalikwenda hivyo mwaka mzima, mpaka siku ya akika ya mjukuu wetu wa kike. Mvua ya Sydney ilinyesha tangu alfajiri. Wageni arubaini walibanana sebuleni, kwa kuwa bandani lilikuwapo gari lisilo na magurudumu. Katika msongamano ule mtoto wa miaka mitatu, mtoto wa wageni wetu, alitoka nje akaokota chupa ya maji ya machungwa. Ndani yake tulikuwa tumeweka maji ya kijani tuliyoyamwaga kutoka katika rejeta ya gari jingine. Maji yale ya kupoza injini ni sumu, na ladha yake ni tamu, ndiyo sababu watoto huyanywa. Kifuniko kilikuwa kimekwisha kufunguka. Mama watoto alimwona kwa dirisha la jikoni, akatoka mbio miguu mitupu, akampokonya chupa mkononi. Mtoto hakuwa ameonja. Twamshukuru Mwenyezi Mungu kila tukikumbuka, na twaona aibu kila tukikumbuka.

Usiku ule wageni walipoondoka, mama watoto alipanda ngazi akauteremsha mkebe wa biskuti. Alizihesabu risiti moja moja juu ya meza ya jikoni. Zilifika dola 6,300. Hakupaza sauti. Alituuliza tu: "Mwalimu, yule mjane alikwambia nini siku ile mlipokwenda kulichukua?" Tukanyamaza. Akaendelea: "Mimi nilikwambia nataka kwenda Mombasa kumwona dada yangu, kwa kuwa haamki kitandani. Nawe uliniambia mwakani."

Ndugu wasomaji, tumefundisha miaka mingi na tumezoea kuwa na jibu. Siku ile hatukuwa nalo. Katika wiki hiyo hiyo tulikata tikiti ya mama watoto. Alimkuta dada yake yu hai, akakaa naye wiki sita, akamlisha kwa mkono wake. Dada yake alifariki kabla mwaka haujaisha. Lau tungelingoja huo mwakani wetu, tungekuwa na injini nzuri na deni lisilolipika.

Wiki zile sita hatukuligusa gari. Tulifagia banda, tukapanga rafu, tukaandika vibandiko. Mama watoto aliporudi tulikaa kitako tukapatana, na mapatano tuliyaandika. Kwanza, daftari la matumizi litakaa jikoni, wazi, na litaandikwa na wote wawili. Pili, kila mwezi kutakuwa na kiasi maalumu cha fedha, na kikiisha tutangoja mwezi mwingine. Tatu, kazi itafanywa Jumamosi kuanzia saa tatu asubuhi mpaka adhuhuri, wala haitaongezwa dakika, na haitafanywa kabisa katika mwezi wa Ramadhani. Nne, nusu ya banda itarudi kuwa ya nyumba. Tano, hakuna kitu cha gari kitakachotiwa katika chupa ya chakula au kinywaji, na chupa zote zitafungiwa kabatini kwa ufunguo. Sita, miaka miwili ikipita gari halijawaka, litauzwa bila ya mjadala. Sharti hili la mwisho lilituuma, lakini ndilo lililotufanya tufanye kazi.

Tulianza na injini, kwa sababu ilikuwa imekwama na haizunguki. Injini ya 404 ina kifuniko cha alumini, na mirija ya silinda zake ni ya kuvuliwa, ikizungukwa na maji. Maji yasiyo na dawa ya kuzuia kutu yakilala humo kwa miaka, huila alumini na kuziba njia. Tulitoa plagi, tukamimina mafuta mepesi ya kulegeza kutu ndani ya kila silinda, tukaacha. Kila Jumamosi tukiongeza kidogo na kujaribu. Gari hili lina tundu la hendeli mbele, kwa hiyo waweza kuizungusha injini kwa mkono, taratibu, bila kuilazimisha kwa umeme.

Hapa ndipo alipoingia mjukuu wetu wa kiume, ambaye wakati huo alikuwa na miaka kumi na miwili. Alikuwa akifahamu Kiswahili lakini akijibu kwa Kiingereza, kama wajukuu wa wengi wenu. Tulimwekea kanuni moja: chini ya bonneti, chombo hakitoki katika sanduku ila kwa jina lake la Kiswahili. Mwanzoni alionyesha kwa kidole, nasi tukajifanya hatuoni. Baada ya mwezi alikuwa akijua bisibisi, koleo, tupa, msasa na nyundo, na spana akizitaja kwa namba hadi ishirini na mbili. Hatukumfundisha sarufi. Jumamosi ya tano alikuwa ameishika hendeli peke yake, nasi tumeinama upande wa pili, tukasikia akipiga kelele: "Babu, imesogea!" Ilikuwa imesogea robo ya mzunguko. Tulifurahi kwa mambo mawili, na la injini lilikuwa la pili.

Hata hivyo hatukuiwasha. Tulifungua kifuniko cha silinda tukakipeleka kwa mafundi wa mashine kikasawazishwa, tukatia gasketi mpya na ringi mpya za pistoni. Tangi la petroli lilikuwa na tope linalonuka kama rangi iliyooza, likasafishwa na watu wenye vifaa. Mipira yote ya petroli tuliibadilisha. Jueni kwamba petroli yenye madini ya risasi ilikomeshwa Australia mwanzoni mwa mwaka 2002, na kwamba hapa New South Wales pampu nyingi huuza petroli iliyochanganywa asilimia 10 ya ethanoli, ambayo hulainisha na kupasua mipira ya magari ya zamani. Soma kibandiko cha pampu kabla ya kujaza. Nyaya za umeme zilizopasuka ngozi tulizitoa zote, kwa kuwa moto wa gari huanzia hapo.

Juu ya breki tuna neno la kusisitiza. Magari ya zamani yalitiwa asbesto katika breki na klachi. Australia ilipiga marufuku asbesto kabisa tarehe 31 Desemba 2003, lakini marufuku hayakuiondoa ile iliyokwisha kuwamo. Vumbi lake likivutwa huharibu mapafu, na maradhi yake huja baada ya miaka mingi. Usilipulize kwa mdomo wala kwa pampu ya upepo, usilisugue kwa msasa, na usimruhusu mtoto awe karibu. Kazi hiyo sisi tulimpa fundi mwenye leseni. Injini ikizima, gari husimama. Breki zikikosekana, halisimami.

Neno jingine ni la jeki. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini asiiname chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake, wala kwa matofali. Nunueni stendi za chuma, wekeni juu ya sakafu ngumu, lisukumeni gari kwa mkono mwone kama latikisika, ndipo muingie.

Injini iliwaka katika mwezi wa ishirini na mbili wa mapatano, ikabaki miezi miwili mkononi. Ilitoa moshi mwingi, na jirani yetu Mlebanoni akaruka ua akidhani ni moto. Baada ya hapo tulijiunga na klabu inayotambuliwa na serikali, kwa maana katika jimbo hili gari lililofikisha miaka 30, likakaguliwa likaonekana salama, laweza kusajiliwa kwa masharti na kwa ada ndogo kuliko ya kawaida. Kuna kitabu cha kuandika siku unazolitumia kwa shughuli zako, na siku hizo hazizidi 60 kwa mwaka. Kwa hiyo asidhani mtu kwamba atakwenda nalo kazini kila siku.

Mtauliza: limegharimu kiasi gani? Daftari la jikoni, pamoja na ule mkebe wa biskuti, linasema dola 13,850. Kwa fedha hizo familia ingepata gari la mkono wa pili lenye afya, lenye viyoyozi na mifuko ya hewa. Letu halina hata mikanda ya viti vya nyuma, na mpaka itakapofungwa na mwenye leseni, hakuna mtoto atakayekaa humo. Ndiyo sababu siku ya Idi mlituona wawili tu, mama watoto na sisi, na wajukuu wakitufuata nyuma katika gari la baba yao. Anayelifanya jambo hili kwa kutafuta faida atahasirika.

Safari yetu ya kwanza ilikuwa kwenda kwa yule mjane. Alitoka mlangoni, akalitazama kwa muda, akamwombea marehemu mumewe. Kisha akauliza limekula fedha ngapi. Tulipomtajia alicheka mpaka akafuta machozi, akasema: "Basi alinipenda, maana angeweza kuzitumia."

Sasa turudi kwa vijana wetu. Ukiliona gari la zamani lisilowaka, kaulize nyumbani, na ungoje jibu la kweli, si lile la kuchoka kubishana. Kabla ya kuitazama injini, itazame kutu: lala chini uangalie sakafu na vizingiti vya milango, kwani injini hutengenezeka, lakini bodi iliyoliwa humaliza mali. Ulizia vipuri kabla ya kulipa. Fungua sehemu moja, ifunge, ndipo uende nyingine. Andika kila senti mahali ambapo mwenzako anaona. Panga tarehe ya mwisho. Na ukiona huwezi, liuze ungali hai na mwenye nguvu, usimwachie mtu wako kulitazama kila akitoka kuanika nguo.

Kijana anayetaka kujifunza, au mzazi anayetaka mtoto wake asikie Kiswahili kidogo, atatukuta bandani kila Jumamosi kuanzia saa tatu asubuhi, mwezi wa Ramadhani ukiondolewa. Vyombo vipo, na vyote vina majina. Adhuhuri ikifika tutafunga sanduku, kwa kuwa kuanzia saa hiyo banda ni la mama watoto.

Wabillahi tawfiq.